Kupima mafuta ya damu Kampala: damu ilipimwa vizuri, karatasi ya majibu haikutosha

Tathmini hii inahusu huduma ya kupima mafuta ya damu kama inavyotolewa na maabara moja ya binafsi katikati ya Kampala, ambako mimi na kaka yangu mkubwa tulipimwa asubuhi moja kwa malipo ya shilingi 60,000 kila mtu. Sitaitaja maabara hiyo, kwa sababu kasoro nitakayoieleza nimeiona pia kwenye karatasi za maabara nyingine ambazo jamaa na majirani wamenionyesha, na si haki kuwabebesha watu wa sehemu moja lawama ya wengi. Uamuzi wangu nautoa mapema. Kazi ya kutoa damu na kuipima ilifanywa kwa ustadi na inastahili fedha hiyo. Karatasi ya majibu, ambayo ndiyo kitu pekee anachoondoka nacho mteja, ilimtia hofu mtu asiye na hatari kubwa, na ikamtuliza mtu aliyekwisha kupata kiharusi, wakati yeye ndiye aliyepaswa kuharakishwa kwa daktari.

Nianze na yaliyo mema, kwa kuwa si machache. Mapokezi yalikuwa ya haraka, chumba cha kutolea damu kilikuwa safi, na dada aliyetuhudumia alimkalisha kaka kwa muda kabla ya kumgusa, akisema, "Mzee, pumzika kwanza, usitoke kwenye ngazi ukaja moja kwa moja kwenye sindano." Alipofunga mpira mkononi aliulegeza mara tu damu ilipoanza kuingia kwenye kichupa. Huenda wengine wakaona hayo ni mambo madogo, lakini yana maana: mpira ukikaza mkono kwa dakika kadhaa, maji ya damu hutoka nje ya mshipa, na vile vinavyobaki ndani, kolesteroli ikiwemo, huonekana vingi kuliko vilivyo. Majibu yaliletwa kwenye simu zetu alasiri ya siku hiyo hiyo, na karatasi zenye muhuri zilikuwa tayari kwa anayezitaka.

Sasa karatasi zenyewe. Yangu ilionyesha kolesteroli yote 5.4, HDL 1.2, trigliseridi 2.4 na LDL 3.1, vyote kwa kipimo cha milimoli kwa lita (majina hayo nitayaeleza hapa chini). Ya kaka ilionyesha kolesteroli yote 4.9, HDL 1.1, trigliseridi 1.5 na LDL 3.1. Kando ya kila namba palikuwa na safu ya viwango vya kawaida: kolesteroli yote isizidi 5.2, trigliseridi zisizidi 1.7, LDL isizidi 3.4. Kwa kuwa namba zangu mbili zilivuka mipaka hiyo, karatasi yangu iliwekwa herufi H mbili za rangi nyekundu, yaani mafuta yako juu. Ya kaka haikuwa na alama yoyote. Mimi sina kisukari, sivuti sigara, na presha yangu iko sawa. Kaka ana kisukari, ana presha, na alipatwa na kiharusi kilichotokana na mshipa wa ubongo kuziba. Alipoiona karatasi yake aliikunja akaitia mfukoni na kusema kwamba basi, mafuta yamekwisha, hana haja ya kurudi kwa daktari kuulizia vile vidonge alivyoviacha pakiti ilipomalizika.

Hapo ndipo huduma hii inapoanguka, na ili msomaji aone ni kwa nini, inabidi tueleze namba hizo zinapima nini. Kolesteroli si sumu. Mwili unaihitaji kujengea kuta za seli, kutengenezea nyongo inayosaidia kumeng'enya mafuta ya chakula, na kutengenezea homoni kadhaa pamoja na vitamini D. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyomo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini lina mchango mkubwa katika kazi hiyo. Inayotoka kwenye chakula ni sehemu ndogo. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji ya damu, hufungashwa pamoja na protini katika vifurushi vidogo viitwavyo lipoproteini. LDL ni vifurushi vinavyopeleka kolesteroli kwenye viungo mbalimbali. HDL ni vile vinavyoikusanya na kuirudisha kwenye ini. Trigliseridi ni mafuta ya aina nyingine, yanayobeba nguvu ya chakula, nayo husafirishwa zaidi katika vifurushi vikubwa zaidi ya hivyo.

Madhara yanatokana hasa na LDL. Vifurushi hivi ni vidogo kiasi cha kupenya utando wa ndani wa ateri, na baadhi yao hunaswa humo. Seli za kinga huja kuvila, hujaa mafuta, hufa, na taratibu kovu lenye mafuta hujengeka ndani ya ukuta wa mshipa. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, aghalabu kuanzia ujanani. Kovu hilo likipasuka, damu huganda juu yake kwa muda mfupi sana. Likipasuka kwenye mshipa wa moyo mtu hupata mshtuko wa moyo, likipasuka kwenye mshipa unaopeleka damu kichwani hupata kiharusi. Jambo la kuzingatia ni kwamba madhara hulingana na kiasi cha LDL kikizidishwa kwa miaka ambayo mishipa imeishi nacho, na kwamba kisukari, presha na sigara huharakisha uharibifu ule ule. LDL ya 3.1 ndani ya mishipa yangu na LDL ya 3.1 ndani ya mishipa ya kaka, ambayo sukari na presha zimeichakaza na ambayo tayari imeziba mara moja, ni namba sawa yenye hatari tofauti kabisa.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa moyo haiweki mpaka mmoja kwa watu wote. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019, kwa mfano, unataka LDL ya mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba mshipa ishushwe chini ya 1.4, na pia ipungue kwa angalau nusu ya ilivyokuwa kabla ya dawa. Kwa mwenye hatari kubwa ambaye hajapatwa na tukio, shabaha ni chini ya 1.8. Kwa mwenye hatari ndogo, 3.0 ndiyo inayotajwa, na mara nyingi anaanza kwa kubadili mwenendo kabla ya kupewa kidonge. Kwa hiyo LDL ya kaka ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile aliyotakiwa kuwa nayo, na karatasi ikasema yuko sawa. Sisemi maabara ilikosea kupima. Nasema ilimhukumu kwa kipimo kisicho chake, na haikuwa na njia ya kujua, kwa sababu fomu tuliyojaza mapokezi iliuliza jina, umri, jinsia na namba ya simu tu. Mistari mitatu ya ziada ingetosha: je, una kisukari, je, umewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, je, unatumia dawa gani.

Tulipokwenda kwa daktari, aliitazama karatasi ya kaka kwa muda mfupi tu, akamrudishia atovastatini, kidonge cha kushusha kolesteroli cha kundi liitwalo statini, safari hii miligramu 40, na kumwambia arudi kupima baada ya majuma machache. Alirudi kwenye maabara ile ile, na LDL ikawa imeshuka hadi 1.6. Ni karibu nusu nzima imeondoka, jambo ambalo kwa mgonjwa wa aina yake ni habari kubwa, ingawa bado kuna kidogo cha kumalizia. Lakini karatasi ya pili haikuonyesha hayo. Haikuchapisha majibu ya awali kando ya majibu mapya, ingawa rekodi zote mbili zimo katika kompyuta yao. Ukiitazama peke yake, inafanana na ile ya kwanza: hakuna H, kila kitu sawa. Mgonjwa aliyemeza kidonge kila jioni anapaswa kuona kwa macho yake kwamba kidonge kimefanya kazi, maana bila hivyo hana cha kumfanya aendelee. Kolesteroli haiumi. Haileti kizunguzungu wala uchovu wala ganzi, na kwa sababu hiyo tangazo lililobandikwa mapokezi, linalouliza kama mtu anahisi uchovu na kizunguzungu ili apimwe mafuta, lingefaa kubanduliwa. Watu wanaojisikia vizuri ndio wanaohitaji kipimo hiki.

Nirudi kwenye karatasi yangu na zile H mbili. Kolesteroli yote ni jumla inayochanganya LDL, HDL na mabaki ya vifurushi vya trigliseridi. Mtu anaweza kuvuka 5.2 kwa sababu tu HDL yake ni nyingi. Ni namba ya zamani ambayo bado inachapishwa juu kabisa ya karatasi, na wateja wengi huitazama hiyo wakaacha nyingine zote. Namba yenye manufaa zaidi hupatikana kwa hesabu ya mtoto wa shule: chukua kolesteroli yote, toa HDL. Kwangu ni 4.2, kwa kaka ilikuwa 3.8. Hiyo inajumuisha kila kifurushi kinachoweza kuingia kwenye ukuta wa ateri, haisumbuliwi na chakula ulichokula asubuhi, na haina gharama yoyote ya ziada kwa maabara. Mwongozo niliokwisha kuutaja unataka iwe chini ya 2.2 kwa mtu kama kaka. Sikuiona kwenye karatasi.

H ya pili ilikuwa ya trigliseridi, na hapa pana mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyetuuliza kama tumekula. Mimi nilikuwa nimekula katogo, yaani matoke ya mchanganyiko, na kunywa chai ya maziwa yenye sukari. Kaka, kwa mazoea ya hospitali, alikuwa amefunga tangu usiku. Karatasi zote mbili zilitumia mpaka wa 1.7, ambao ni wa aliyefunga. La pili, na hili nalisema kwa wale wanaoishi kwa kuamini kwamba chakula ndicho kisingizio cha kila namba mbaya: kula kwa kawaida hupandisha trigliseridi kwa kiasi kidogo tu, wastani wa karibu 0.3, na tangu mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa moyo na wa maabara walikubaliana kwamba watu wengi hawana haja ya kufunga kabla ya kipimo hiki, ila mpaka wa aliyekula uandikwe 2.0. Hata kwa mpaka huo, 2.4 yangu ilikuwa juu. Niliporudia nikiwa nimefunga ilikuwa 1.9. Daktari hakunipa dawa. Aliniuliza juu ya soda, sukari ya chai, pombe na uzito, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyosukuma trigliseridi za kiwango hicho, na jawabu langu kuhusu soda lilimtosha.

Trigliseridi zinapokuwa juu sana hadithi hubadilika. Zikipita 10 au 11, hofu ya kwanza ni kongosho kuvimba ghafla, ugonjwa unaoumiza sana tumbo na unaoweza kuua. Zikipita 4.5, hesabu ya LDL yenyewe haiaminiki tena. Hili la hesabu linahitaji kuelezwa, maana karatasi yetu haikusema LDL ilipatikanaje. Maabara nyingi haziipimi moja kwa moja. Huikokotoa kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 1972 na Friedewald na wenzake: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi ulizozigawanya kwa 2.2. Nilifanya hesabu hiyo kwa namba zetu na ikaja 3.1 kwa wote wawili, kwa hiyo nina hakika yetu ilikokotolewa. Si kosa, kanuni hiyo ni nzuri kwa watu wengi, lakini hulegalega trigliseridi zinapopanda na pia LDL inaposhuka sana. Mteja ana haki ya kuandikiwa neno moja tu, "imekokotolewa" au "imepimwa".

Kuna suala jingine la vipimo ambalo lilitutia wasiwasi nyumbani. Hospitali iliyomtibu kaka wakati wa kiharusi ilikuwa imeandika kolesteroli yake yote kuwa 193. Maabara hii iliandika 4.9. Watu wa nyumbani walidhani mafuta yamepungua mno, na shemeji alitaka kujua ni chakula gani kilichofanya muujiza huo. Kwa kweli 193 ilikuwa miligramu kwa desilita, nayo ukiigawanya kwa 38.67 unapata 5.0 katika milimoli kwa lita. Kolesteroli haikuwa imesogea. Trigliseridi hugawanywa kwa namba nyingine, 88.57. Kwa kuwa Kampala maabara za vipimo vyote viwili zinafanya kazi katika mtaa mmoja, sioni sababu ya karatasi kutochapisha namba zote mbili, kama ambavyo nimeona baadhi ya maabara zikifanya.

Nilipokuwa nasubiri, mzee mmoja aliyeketi karibu yetu alituambia kwamba amekuja kwa sababu mwanawe amemlazimisha, na kwamba mafuta ya damu si maradhi ya Waafrika. Maneno hayo yana historia hapa hapa Kampala. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones, waliokuwa wakifanya kazi hapa, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliolinganisha Waafrika na Waasia wa Uganda. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu mno kwa Waafrika na wa kawaida kwa Waasia, na kolesteroli ya Waasia ilikuwa juu zaidi. Walichokiona ni kweli kwa wakati ule, kwa watu waliokula matoke, viazi, maharage na karanga, na waliotembea kila walikokwenda. Lakini utafiti huo ulionyesha jinsi maisha yanavyoathiri damu, haukuthibitisha kwamba ngozi ni kinga. Anayeshinda ofisini, anayekwenda kila mahali kwa bodaboda na kula chipsi, kuku wa kukaanga na rolex, ile chapati ya mayai, iliyoloa mafuta, hakai tena katika safu ile ya mwaka 1959. Maabara ingeweka maelezo kama hayo ukutani badala ya tangazo la kizunguzungu, ningeipongeza.

Pamoja na majibu tulipewa karatasi ya ushauri wa chakula, ambayo naona ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Inakataza mayai, inasifu mafuta ya zeituni na samaki wa bahari za mbali, na inashauri kununua mafuta ya kupikia yaliyoandikwa kwamba hayana kolesteroli. Huyo aliyeiandika hakupita sokoni Nakasero wala Owino. Mafuta yoyote yatokanayo na mmea hayana kolesteroli kwa maana yoyote inayomhusu mlaji, kwa hiyo maandishi hayo kwenye chupa ni ya kweli na hayamsaidii mtu kuchagua. Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta mazito, yale yanayoitwa yaliyoshiba, kwa sababu hupunguza uwezo wa ini kuiondoa LDL kwenye damu. Mafuta ya mawese, ambayo michikichi yake imejaa Kalangala, ni nusu kwa nusu mafuta ya aina hiyo. Samli hupita asilimia 60. Alizeti inayokamuliwa Lira ina karibu asilimia 11, ufuta wa kaskazini karibu 15, karanga karibu 17. Mama anayesimama dukani akiwa na chupa mbili mkononi angefaidika na namba hizo kuliko na picha ya zeituni.

Kuhusu mayai, kolesteroli iliyomo kwenye kiini huathiri damu ya watu wengi kwa kiasi kidogo kuliko mafuta mazito, ingawa mwenye kisukari au mwenye LDL ya juu ni vyema asiyale kwa wingi. Mukene, yaani dagaa wa ziwani, ambao ni wa bei nafuu na wanapatikana kila soko, wana mafuta yale yale mazuri yanayotafutwa kwa samaki wa ughaibuni. Maharage, njegere na dengu vina nyuzi zinazonasa nyongo tumboni na kushusha LDL kidogo. Hata kahawa ina neno: ikichemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hutoa mafuta yanayopandisha LDL, na arabika ya milimani inayo zaidi ya robusta. Wenzetu wa Ankole wasinielewe vibaya. Eshabwe, ule mchuzi wa samli, kwenye harusi si tatizo, tatizo ni samli katika kila sufuria ya kila siku. Lakini lazima niseme pia kwamba kwa mtu kama kaka, hakuna sahani itakayomfikisha 1.4 peke yake. Chakula kizuri kwa kawaida hushusha LDL kwa sehemu ndogo. Statini ya kiwango kikubwa huishusha kwa nusu. Karatasi ya ushauri haikutaja dawa hata kwa neno moja, na mgonjwa anayeisoma anaweza kuondoka akiamini kwamba kuacha mayai kunatosha.

Dawa hizi zinaogopwa mno katika mitaa yetu. Asili ya dawa zenyewe ni kuvu ambalo Mjapani Akira Endo alilichunguza hadi akapata kitu kinachozuia ini kutengeneza kolesteroli, mapema miaka ya 1970. Ini likikosa kolesteroli yake huongeza milango ya kuvuta LDL kutoka kwenye damu, milango ambayo ugunduzi wake uliwapatia Brown na Goldstein wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Wapo wanaopata maumivu ya misuli, na sukari hupanda kidogo kwa baadhi ya watu, lakini kwa aliyekwisha kupata kiharusi faida inazidi hayo kwa mbali. Atovastatini isiyo ya chapa ya kwanza inapatikana katika maduka ya dawa ya Kampala, na hati miliki yake ilikwisha zamani.

Lipo onyo moja ambalo kwa Uganda haliwezi kuachwa, na ndilo linalonifanya niirudie fomu ile ya mapokezi isiyouliza dawa. Ndugu zetu wengi wanatumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Wale walio kwenye mseto wenye ritonavir wanaweza kupandishiwa trigliseridi na dawa hizo zenyewe, na hawapaswi kabisa kumeza simvastatini, kwa kuwa ritonavir huizuia isivunjwe mwilini hadi inaharibu misuli na figo. Kuna statini nyingine zinazofaa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023, ambao Wauganda nao walishiriki, ulionyesha kwamba pitavastatini iliwapunguzia watu wanaoishi na VVU matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban theluthi moja, hata wale ambao mafuta yao hayakuonekana kuwa mengi. Mtu anayetembea na karatasi yenye H kutoka maabara hadi duka la dawa bila kupitia kwa daktari, na hao ni wengi, anaweza kuuziwa kidonge kisichopatana na alicho nacho nyumbani.

Kasoro ya mwisho ni ya ukimya. LDL ikifika 4.9 au zaidi, inapasa kushuku ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli, ambao duniani hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya takriban 300, na hapo wazazi, ndugu na watoto wote wanapaswa kupimwa. Jirani yangu alionyeshwa 5.8 na maabara tofauti, akawekewa H ile ile niliyowekewa mimi kwa kolesteroli yote ya 5.4, bila neno la ziada. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na maradhi ya figo pia hupandisha LDL, na hutibika kwa njia zake. Kuna pia lipoproteini a, kifurushi kinachofanana na LDL, ambayo hurithiwa, haibadiliki sana kwa chakula, na kwa wastani ni ya juu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Wataalamu wa Ulaya wanashauri ipimwe angalau mara moja katika maisha ya mtu mzima. Haimo katika kifurushi cha shilingi 60,000, na nilipoiulizia niliambiwa sampuli ingebidi ipelekwe nje.

Nilimweleza meneja haya yote, naye alisikiliza kwa heshima na kuandika. Alisema kuchapisha majibu ya awali kando ya mapya kunawezekana katika programu wanayotumia, na kwamba suala la kuongeza maswali kwenye fomu atalipeleka kwa daktari wa maabara. Kwa anayekusudia kwenda kwa sasa, namshauri aende, kwa kuwa kipimo chenyewe ni cha kuaminika, lakini abebe karatasi yake ya zamani na orodha ya dawa zote anazomeza, amwambie mtoa damu kama amekula, na asiondoke dirishani kabla ya kuuliza LDL yake imekokotolewa au imepimwa. Namba hiyo aipeleke kwa daktari anayejua historia yake, hata kama karatasi haina alama yoyote nyekundu, na hasa ikiwa aliwahi kulazwa kwa moyo au kiharusi.